Baiskeli Yako, Keria ya Basi na Rafiki wa Ng'ambo ya Mto Mara

Wewe uko Tarime mjini, rafiki yako yuko Mugumu. Kwa ramani hamfikishi kilomita 90. Kwa miguu yako mwenyewe hapo katikati kuna vilima, kuna bonde la Mto Mara, kisha kuna nchi iliyolala hadi mpakani mwa Hifadhi ya Serengeti. Mimi huenda kwa baiskeli na gari, mara nyingi vyote viwili siku moja. Wanaoniuliza huwaambia hivi:

1. Hesabu vilima kwanza, kilomita baadaye. Tarime iko juu, kwenye baridi, migomba na kahawa. Ukipita Nyamwaga na Nyamongo kuelekea mtoni, kwa jumla unateremka. Kurudi ndiko kwenye kilio. Basi nenda kwa baiskeli, rudi kwa gari. Mlima ukikushinda, shuka usukume; hata wauza maziwa wanasukuma.

2. Elewana na konda baiskeli ikiwa bado chini. Ikishapanda kwenye keria na kufungwa kamba, bei anapanga yeye. Mchomoko, lile gari dogo la abiria, usijisumbue nao, buti lake lenyewe ni siti ya watu wawili, subiri basi. Nenda na mipira yako ya kufungia, ile inayokatwa kwenye tyubu kuukuu. Chomoa gurudumu la mbele ulifunge ubavuni mwa fremu, na baiskeli uilaze mnyororo ukitazama juu. Mimi niliwahi kuacha kila kitu mikononi mwa utingo mmoja, akaishindilia gunia la mahindi juu. Nilishuka na rimu iliyopinda kama chapati, na rafiki akanipokea kwa kicheko badala ya maji.

3. Toka saa 12 asubuhi. Gari haliondoki mpaka lijae, na asubuhi ndiyo linajaa upesi. Pia mvua za huku hupenda kunyesha mchana ukishageuka. Kati ya Machi na Mei, udongo mweusi wa upande wa Serengeti hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ng'oa madigadi, uchafuke mgongo. Ni afadhali kuliko kubeba baiskeli begani.

4. Karibu na mgodi wa Nyamongo kuna malori. Funga kitambaa puani, kaa kando, usishindane.

5. Rafiki wa Sirari ndiye rahisi kumtembelea: ni lami tupu, kama kilomita 20. Ila hiyo ni barabara kuu ya kwenda Kenya. Basi likipiga honi nyuma yako halikusalimii. Toka nje ya lami. Na kama rafiki mwenyewe anakaa Isebania, ng'ambo ya mpaka, pitia uhamiaji na hati yako ya kusafiria. Njia za panya waachie panya.

6. Wa Shirati na Utegi wanastahili siku yao peke yake. Hadi 2007 ungehesabu bado uko wilaya ya Tarime. Sasa ni Rorya, na joto la ziwa utalijua mwenyewe.

7. Ukipita Mugumu kwenda Robanda, jua likianza kushuka nawe shuka, omba pa kulala. Tembo huingia mashambani, na kengele ya baiskeli hawaijui. Hifadhini usithubutu kuingiza baiskeli. Ukitaka kuvuka hadi Arusha, panda basi linalopita humo ndani, na uweke akiba ya viingilio juu ya nauli.

8. Piga simu ukiwa kwenye daraja la Mto Mara. "Mura, nimevuka mto" inatosha: mwenyeji anapata muda wa kusonga ugali, nawe ukikawia kuna anayejua atakutafutia upande gani. Ukifika usiseme umeshakula, hata kama umekula. Na ukiandaliwa kichuri usiulize ule uchungu umetoka wapi. Kula kwanza.

Mkobani usikose pampu, spana, viraka na solusheni, na kabla ya kuondoka uibonyeze hiyo solusheni uone kama bado inatoka. Ukiona mtu ameinamisha baiskeli chini ya mti pale Nyamwaga, tafadhali simama. Huenda ni mimi, na yangu imekauka.