Pijo ya Moyo, Pikapu ya Kazi

Wadogo zangu wa Sultan Hamud, na nyinyi wa Kima, Kasikeu na Emali, leo namjibu kijana anayenunua ndengu na machungwa vijijini na kuyapeleka Nairobi. Ameweka akiba, sasa yuko njia panda: achukue Peugeot 504 pikapu anayouziwa na baba yake mdogo, au aongeze pesa apate Isuzu D-Max iliyotumika miaka michache?

Mdogo wangu, hiyo Pijo naelewa inavyokuvuta. 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968. Ove Andersson aliishindia Safari Rally mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akarudia mwaka 1978. Ziliunganishwa Mombasa, na kabla ya Nissan kutawala barabara, wazazi wetu walisafiri kwa matatu za Pijo. Kabureta yake fundi yeyote wa jua kali anaifungua kwa spana na kuirudisha siku hiyo hiyo.

Lakini bei ndogo ya kununua isikudanganye. Spea za 504 siku hizi ni za kutafutwa, na nyingi zimetoka kwenye magari yaliyokufa. Bima kamili ya gari la umri huo ni shida kuipata. Na fikiria Mombasa Road usiku, matrela yakikupita mbele na nyuma: hapo hakuna mfuko wa hewa wala breki za ABS. Machungwa yakilala barabarani siku mbili, mteja wa Nairobi ameshampigia mwingine.

D-Max nayo ina masharti yake. Injekta zake hazivumilii dizeli chafu. Mnakumbuka mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita, kuwazima wanaoyachanganya na dizeli. Kwa hiyo jaza kituo kimoja unachokiamini, achana na dizeli ya mitungi ya kando ya barabara. Badilisha chujio la dizeli kwa wakati. Taa ya injini ikiwaka, tafuta fundi mwenye mashine ya kupima. Usikubali mtu abahatishe kwa nyundo.

Ushauri wangu ni huu: gari la kukulisha liwe jipya kadiri mfuko unavyoruhusu bila mkopo wa kukukaba. Chukua D-Max. Kabla ya kulipa, hakikisha kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwamba jina la muuzaji ndilo la mwenye gari na kwamba halidaiwi na benki, kisha lipande na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji.

Pijo mwombe baba mdogo asiiuze kwa wa vyuma chakavu. Biashara ikisimama, irudie, uitengeneze polepole kwa faida, kamwe si kwa mtaji. Gari lile linastahili mtu atakayelitunza bila kulidai mkate wa kila siku.