Kifaa cha Mfukoni Kinachomtambulisha Mtu kwa Kompyuta

Neno la siri laweza kuibwa bila mwenyewe kujua, kwani hubaki kichwani mwake kama lilivyokuwa. Ndiyo sababu mabenki na ofisi nyingi humtaka mtumiaji athibitishwe kwa mambo mawili: neno analolijua, na kifaa alicho nacho. Kifaa kikiibwa, mwenyewe hukikosa.

Aina ya kwanza ni tokeni yenye kioo kidogo, kama SecurID ya kampuni ya RSA ya Marekani. Ndani yake mna saa na namba ndefu ya siri. Kwa kawaida, kila sekunde 60 kifaa huikokotoa namba hiyo pamoja na wakati uliopo, na tarakimu chache, aghalabu sita, hutokea kiooni. Kompyuta inayo nakala ya namba ile ile. Nayo hufanya hesabu ile ile na kulinganisha majibu.

Hapo ndipo penye hatari, maana siri imewekwa mahali pawili. Mnamo Machi 2011 RSA ilitangaza kuwa wezi wameingia katika kompyuta zake. Mlango wao ulikuwa barua pepe yenye jedwali lililotegwa, ambalo mtumishi mmoja alilifungua. Mwezi Juni kampuni ilikiri kwamba habari zilizoibwa zilitumika katika shambulio dhidi ya Lockheed Martin, watengenezaji wa ndege za kivita, ikajitolea kuwabadilishia wateja tokeni. Hakuna aliyeibiwa tokeni mfukoni.

Aina ya pili ni ufunguo mdogo wa kuchomeka kwenye kompyuta, uliofuata kanuni za FIDO za mwaka 2014. Kwa kila tovuti, ufunguo huunda namba mbili zinazokwenda pamoja. Moja haitoki kamwe ndani ya kifaa. Ya pili hupewa tovuti, na mwizi akiipata haimfai kitu. Tovuti hutuma swali jipya kila mara, ufunguo hulitia sahihi, na namba ya pili huihakiki sahihi hiyo. Zaidi ya hayo, sahihi hufungamana na anwani ya tovuti yenyewe. Tarakimu sita mtu aweza kuzisoma kwa simu akamtajia tapeli. Sahihi hii haitajiki, na kwenye tovuti ya bandia haifai. Mwaka 2022 watumishi watatu wa Cloudflare waliandika maneno yao ya siri katika ukurasa wa bandia, lakini wezi hawakuweza kuingia, kwa kuwa kampuni hiyo hudai ufunguo.

Mtumiaji hana budi kusajili funguo mbili tangu mwanzo na kuuweka mmoja mahali salama, kwani uliopotea hauchongeshwi nakala.