SOMO: Beba mfuko kwanza, sahihi baadaye

Ruzuku ni fedha ya Serikali inayolipa sehemu ya bei ya kitu ili mnunuzi alipe kidogo. Wakulima wa Tarime na Serengeti waliijua zaidi kwa jina la vocha. Mpango wa vocha za pembejeo ulianza mwaka 2008, na Mkoa wa Mara ulikuwamo.

Wengi walidhani vocha ni kitu cha bure. Sivyo. Kaya iliyochaguliwa ilipata vocha tatu za kutosha ekari moja: ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia. Vocha ililipa karibu nusu ya bei. Nusu ya pili mkulima aliitoa mfukoni.

Majina yalipendekezwa na kamati ya vocha ya kijiji, wanaume watatu na wanawake watatu, waliochaguliwa na mkutano mkuu. Kaya zinazoongozwa na wanawake zilitakiwa kufikiriwa kwanza.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo palipoharibika katika sehemu nyingi za nchi. Fedha ya ruzuku haikupita mkononi mwa mkulima hata siku moja. Mkulima alikwenda kwa wakala wa pembejeo, akatoa vocha na fedha yake, akapewa mfuko, akatia sahihi au dole gumba. Wakala akaipeleka vocha benki ya NMB, akalipwa. Benki haikuuona mfuko. Iliona sahihi tu.

Hebu tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano. Mbegu sh. 30,000, mbolea ya kupandia sh. 60,000, ya kukuzia sh. 50,000. Jumla sh. 140,000. Vocha zinalipa sh. 70,000, na mkulima anatakiwa kuwa na sh. 70,000 taslimu. Hana. Wakala anamwambia, "Mzee, shika elfu kumi, saini hapa na hapa na hapa." Mzee anasaini. Wakala anachukua sh. 70,000 benki, na mbolea imebaki dukani kwake. Faida yake ni sh. 60,000, nayo ni mali ya umma.

Tuseme kweli, mzee huyo si mjinga. Mpango ulimtaka awe na fedha mkononi wakati ghala limekwisha, na mara nyingi vocha zilifika mvua imeshanyesha. Lakini karatasi inasema amepokea, na mwaka ule hana mbolea wala pa kulalamika.

Tangu msimu wa 2022/23 ruzuku ya mbolea ilirudi kwa njia nyingine. Mkulima hujiandikisha kijijini kwake, hupewa namba, na humtajia wakala namba hiyo anaponunua. Msimu ule mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea uliuzwa sh. 70,000, wakati bila ruzuku bei ilipita sh. 120,000. Namba imeshika nafasi ya sahihi. Anayeijua namba yako anaweza kununua kwa jina lako.

ZOEZI
1. Mama mmoja amenunua mifuko 2 kwa sh. 70,000 kila mmoja. Bei bila ruzuku ni sh. 124,000. Serikali imemlipia shilingi ngapi?
2. Kumbukumbu za wakala zinaonyesha mama huyo amechukua mifuko 5. Ni shilingi ngapi za ruzuku zimepotea?
3. Kijijini kwenu, mama huyo aanze kwa nani, na aende na karatasi gani mkononi?