Bethdei Bila Pati: Mtoto Anataka Nini Hasa?



Vijana wapendwa, baadhi yetu tayari ni wazazi, na wengine ndio kaka na dada wakubwa nyumbani. Somo la leo linatuhusu wote.

Mwaka jana mwezi wa saba, hapa Katandala, mtoto wa dada yangu alikuwa anatimiza miaka 7. Wiki moja kabla, alitoka kwenye bethdei ya mwenzake: keki, maputo, soda, muziki. Akamuuliza mama yake, "Na yangu lini?" Dada alikuwa na hela ya sare na viatu tu. Akaja kwangu, anataka kukopa kwenye kikoba. Nikamwambia, "Dada, subiri kwanza. Umemuuliza anataka nini?" Jioni akamuuliza. Mtoto akajibu, "Nataka na mimi mniimbie."

Maandiko yanatufundisha nini?

Soma Marko 6:21-28, sherehe ya kuzaliwa kwa Herode. Herode alihuzunika alipoombwa kichwa cha Yohane Mbatizaji. Lakini alikuwa amekula kiapo, na wageni wake walikuwa wanamtazama. Kosa halikuwa chakula. Kosa ni kwamba aliogopa macho ya wageni kuliko Mungu. Tukikopa ili majirani wasituseme, na sisi tunaanza kutawaliwa na macho ya watu.

Sasa soma Luka 2:22-38. Yosefu na Maria walimpeleka Mtoto Yesu hekaluni na sadaka ya ndege wawili. Sheria iliruhusu hivyo kwa mama asiyeweza kupata mwanakondoo (Walawi 12:8). Ilikuwa sadaka ya maskini. Hata hivyo, mzee Simeoni alimpokea mtoto mikononi akamsifu Mungu, na Ana naye akamshukuru Mungu. Mtoto alipata watu wa kumfurahia.

Kwa hiyo kusherehekea kuzaliwa si dhambi. Kanisa lenyewe linaadhimisha kuzaliwa kwa Bwana tarehe 25 Desemba, Bikira Maria tarehe 8 Septemba na Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni.

Sisi tulifanyaje?

Ilikuwa Jumapili. Tulianza na Misa. Nyumbani dada alitoa mshumaa wa ubatizo wa mtoto, alikuwa ameutunza sandukuni. Tukauwasha, tukamwimbia. Kila mmoja akataja jambo moja analomshukuru Mungu kwa ajili yake. Baba yake wa ubatizo alisema, "Ananisalimia kila siku, hata nikiwa nimenuna." Tulicheka sana.

Vijana walitaka kummwagia maji kama kawaida yetu, lakini baridi ya Sumbawanga mwezi huo mnaijua! Bibi yake akachovya vidole kwenye maji ya baraka, akamchora ishara ya msalaba kwenye paji la uso, akamsimulia siku aliyobatizwa.

Tulikula wali na maharage. Kabla ya kula, mtoto mwenyewe alipeleka sahani moja kwa bibi jirani aliyekuwa mgonjwa.

Nisiwadanganye, aliuliza, "Keki iko wapi?" Mama yake hakumfokea. Alimwambia, "Mwaka huu hatuna, mwanangu. Hela imenunua viatu vyako." Alinuna kidogo. Lakini usiku alituomba tuimbe tena.

Tukumbuke pia siku ya ubatizo

Tarehe 8 Januari 2014, Papa Fransisko aliwahimiza waamini wajue tarehe waliyobatizwa. Kama huijui, nenda parokia ulikobatizwa. Kanuni ya 877 ya Sheria za Kanisa inaagiza daftari liandikwe siku na mahali pa ubatizo, pamoja na siku na mahali pa kuzaliwa. Unaweza kupata zote mbili pamoja.

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya

1. Ni lini uliwahi kutumia hela kwa kuogopa maneno ya watu?
2. Mtoto wa nyumbani kwenu anajua mnamshukuru Mungu kwa ajili yake? Amejuaje?
3. Mshumaa wako wa ubatizo uko wapi?

Sala

Ee Mungu Baba, asante kwa kila mtoto uliyetupa. Utuepushe na aibu inayotuingiza kwenye madeni. Utufundishe kuwafurahia watoto wetu kwa kile tulichonacho. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.