Kwa Nini Maji ya Gari la Zimamoto Huisha Haraka? Somo Kuhusu Mipira, Pampu na Viungio



Katika mabaraza ya usalama tunaulizwa swali moja mara kwa mara, tena kwa uchungu: kwa nini gari la zimamoto lilikuja bila maji? Hapa Uganda zimamoto ni kurugenzi ndani ya Jeshi la Polisi, hivyo swali hilo ni letu na hatuna budi kulijibu. Mara nyingi gari lilifika likiwa na maji, nayo yakaisha kabla ya moto kuisha. Ili jambo hili lieleweke, tutazame kwanza namna jiji kubwa lenye uwezo mkubwa linavyopanga vifaa vyake, kisha turudi nyumbani. Mfano wetu ni Idara ya Zimamoto ya New York, Marekani.

Tangi si kisima

Gari la pampu la New York kwa kawaida hubeba tangi la galoni 500, yaani takriban lita 1,900. Hayo ni maji ya jerikani 95 za lita 20. Pampu yake yaweza kusukuma hadi galoni 2,000 kwa dakika. Msomaji na apige hesabu: pampu ikitumia uwezo wake wote, tangi hilo hukauka kwa sekunde 15.

Kwa hiyo hata huko, tangi ni akiba ya kuanzia tu. Huwapa askari dakika chache za kukabili moto huku dereva akiunganisha gari na bomba la zimamoto lililo kando ya barabara. Maji ya kumaliza kazi hutoka kwenye bomba hilo.

Mipira mitatu, kazi tatu

Mpira wa kwanza una upana wa inchi 1¾. Ndio unaotumika zaidi katika moto wa nyumba za kuishi, kwa kuwa ni mwepesi kuvutwa ngazini na kukunjwa kwenye kona. Hutoa takriban galoni 180 kwa dakika, sawa na jerikani 34. Mpira huu mmoja humaliza tangi zima kabla ya dakika tatu kutimia.

Wa pili ni wa inchi 2½. Hutoa zaidi ya galoni 250 kwa dakika, na hutumika panapokuwa na moto mkubwa, kama vile ghala au duka pana. Hutumika pia katika majengo marefu, ambako askari hupanda na vipande vilivyokunjwa na kuviunga kwenye bomba la wima la jengo. Uzito wake si mchezo: kipande kimoja cha futi 50 kikijaa hubeba maji ya kilo 48, bila kuhesabu mpira wenyewe.

Wa tatu, wa inchi 3½, hauelekezwi kwenye moto. Kazi yake ni kuleta maji kutoka bomba la barabarani hadi kwenye pampu. Upana wake una sababu. Maji yapitapo ndani ya mpira husuguana na kuta zake na kupoteza nguvu. Ukizidisha maji mara mbili katika mpira uleule, hasara hiyo huongezeka mara nne. Mpira mpana hupunguza msuguano huo.

Kila mtu na nafasi yake

Mpira hauwezi kushikwa na mtu mmoja. Mmoja hushika mdomo wa mpira, wa pili humsaidia kubeba nguvu ya maji inayomrudisha nyuma, mwingine husimamia mlango na kona ili mpira usikwame. Yupo anayekadiria idadi ya vipande vinavyohitajika, na yupo dereva anayeendesha pampu. Ofisa huwaongoza. Ngazi na kazi ya kutafuta watu waliokwama ni jukumu la kikosi kingine chenye gari lake.

Aliye ndani ya moshi hana ngao nyingine ila maji. Gari likikanyaga mpira barabarani, au mpira ukikunjika, maji hupungua mkononi mwake papo hapo.

Funzo la Baltimore

Tarehe 7 Februari 1904, moto mkubwa uliwaka katikati ya jiji la Baltimore, Marekani. Majirani waliitikia: vikosi vilikuja kutoka Washington, Philadelphia na kwingineko. Walikuwa na watu, pampu na mipira. Lakini viungio vya mipira ya wengi wao havikuingia kwenye mabomba ya Baltimore, kwa kuwa kila mji ulikuwa na kipimo chake. Moto uliwaka kwa takriban saa 30 na kuteketeza majengo zaidi ya 1,500. Baada ya hapo Marekani iliweka kipimo kimoja cha taifa cha viungio.

Sisi wa mpakani tulitafakari hilo. Moto ukizuka Busia, Malaba au Mutukula, hausimami kwenye kizuizi kuuliza pasipoti. Huduma zetu nazo zina mifumo tofauti: Uganda ni Polisi, Kenya ni serikali za kaunti, Tanzania ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jirani akija kusaidia, viungio vyake vitaingia kwenye bomba letu? Swali hilo lapaswa kuulizwa katika vikao vya pamoja siku ya amani, kabla ya siku ya moshi.

Yaliyo mikononi mwetu

1. Piga simu mapema: Uganda na Kenya 999 au 112, Tanzania, zimamoto ni 114. Taja mahali, kinachoungua na kama kuna watu ndani.
2. Mweleze mpokeaji simu maji ya karibu yalipo: bomba, bwawa, mto au tangi la shule.
3. Usiegeshe lori wala kuweka kibanda mbele ya bomba la zimamoto au kwenye njia ya kuingilia sokoni.
4. Usipitishe boda boda wala gari juu ya mpira uliotandazwa.
5. Usimnyang'anye askari mpira. Akihamia upande mwingine, huenda anazuia moto usifike nyumba ya pili.

Maswali ya kujadili katika baraza

1. Iwapo tangi la gari litakauka kwa dakika tatu, maji ya nne yatatoka wapi kijijini kwetu?
2. Ni njia ipi ya soko letu ambayo gari la zimamoto haliwezi kupita leo?
3. Nani atazungumza na majirani wa ng'ambo ya mpaka kuhusu viungio, na lini?

Tunawaomba wenyeviti wa LC 1 watuletee majibu kituoni. Tutayahitaji siku gari litakapotoka.