Nani Anasema? Utata wa Kauli za Kupagawa katika Kisomali na Kiswahili

Kwa mwanafunzi wa Balambala, katika Kaunti ya Garissa, Kisomali ni lugha ya nyumbani na Kiswahili ni lugha ya darasani na ofisini. Anapotakiwa kueleza kwa Kiswahili habari za saar, yaani pepo na ngoma ya kumtuliza, hukabiliwa na utata ambao kamusi peke yake haiuondoi. Makala haya yanauchambua utata huo katika viwango vitatu.

(a) Kiima. Kiswahili kina "amepandwa na pepo" na "amepandisha pepo". Kauli ya kwanza humfanya pepo kuwa mtenda. Ya pili humweka binadamu katika nafasi ya kiima. Haimaanishi lazima kwamba anajifanya, lakini mlango wa shaka umefunguliwa. Jambo hili si dogo. Mwaka 1966, mwanaanthropolojia I. M. Lewis alidai kwamba saar huwapa wake wa Kisomali sauti ya kudai nguo, manukato na chakula kizuri kwa waume wasiowasikiliza. Waume nao mara nyingi huiona kuwa hila. Janice Boddy, aliyeandika mwaka 1989 kuhusu zar ya Sudan kaskazini, alionyesha kuwa maana yake ni pana kuliko madai hayo. Kwa hiyo mfasiri anayechagua kitenzi huweza kuegemea upande mmoja wa ugomvi wa nyumbani bila kujua.

(b) Msemaji. Katika uganga wa Pwani, aliyepandwa huitwa "kiti", na maneno yake huhesabiwa kuwa ya pepo. Lakini pepo na binadamu wote huchukua upatanisho wa A-WA. "Anasema hatarudi kwa mumewe" haibainishi ni nani asemaye. Karani wa zahanati akiandika "mgonjwa alisema", tayari ametoa hukumu.

(c) Tiba. Kitenzi cha Kisomali "saar" humaanisha kuweka juu. Kikitanguliwa na "ka" humaanisha kutoa. Jina la pepo lenyewe, hata hivyo, huhusishwa na zar ya Ethiopia na Sudan. Kiswahili nacho hutofautisha "kupunga pepo", ambapo pepo huweza kutulizwa kwa ngoma na zawadi akabaki na kiti chake, na "kusomewa", ambapo jini huamriwa kwa Kurani atoke. Masheikh wengi huipinga njia ya kwanza. Kusema tu "alitibiwa" ni kuficha mgogoro mzima.

Kutokana na uchambuzi huu, mfasiri hana budi kuzingatia kanuni tatu: ataje kiima waziwazi ("kwa mujibu wa jamaa, pepo alisema kwa kinywa chake"), aitaje tiba kwa jina lake, na pale wahusika wasipoafikiana, aibakize tofauti hiyo katika tafsiri. Utata uliomo katika maisha ya watu haupaswi kumalizwa na kalamu ya mfasiri.