Habari isikupite: weka kisoma habari chako mwenyewe dukani

Somo la leo lina kompyuta kidogo ila usikimbie. Mimi nimeishia kidato cha nne, haya nimejifunza mwenyewe hapa hapa dukani Mutuka, Babati.

Nianze na kilichonikuta. Mei 2019, ndo naanza kuuza nguo mtandaoni, nikanunua mifuko ya rambo ya shilingi 180,000 ya kufungia mizigo ya wateja. Bei ilikuwa chee, nikajiona mjanja. Kumbe tangu tarehe 9 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alishatangaza bungeni kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ni 31 Mei. Juni 1 marufuku ikaanza na mzigo wangu uko ndani. Zaidi ya mwezi mzima habari ipo, mimi nashinda mtandaoni naangalia vichekesho.

Mitandao inakuonyesha inachodhani utakipenda. Unachohitaji kukijua, hiyo juu yako.

Dawa niliyoipata ni RSS. Magazeti na blogu nyingi zina mlisho wa RSS, yaani orodha ya habari zao mpya ambayo programu inaweza kuisoma. Wewe unachagua tovuti, programu inazipitia zote na kukuletea vichwa vya habari mahali pamoja, mpya juu. Hakuna wa kukuchagulia.

Kwa nini uweke ya kwako? Google walikuwa na Google Reader, ya bure na nzuri. Tarehe 1 Julai 2013 wakaifunga. Cha mtu ni cha mtu.

Mimi natumia FreshRSS, ni ya bure, kwenye laptopu kuukuu yenye Ubuntu. Inakaa ndani ya kontena. Kontena ni nini? Fikiria unamtumia mteja jiko la gesi: boksini umeweka jiko, mpira na regyuleta. Akifungua anawasha, haendi tena dukani kutafuta kifaa. Kontena ndo boksi hilo: programu pamoja na kila inachohitaji. Docker ndiyo inayoliendesha.

Twende hatua kwa hatua:

1. Fungua terminali, weka Docker:
sudo apt install docker.io

2. Washa FreshRSS (andika yote mstari mmoja):
sudo docker run -d --restart unless-stopped -p 8080:80 -e TZ=Africa/Dar_es_Salaam -e 'CRON_MIN=1,31' -v freshrss_data:/var/www/FreshRSS/data --name freshrss freshrss/freshrss

3. Kwenye kivinjari cha laptopu andika localhost:8080. Fuata maelekezo, kwenye hifadhidata chagua SQLite, weka jina na nywila.

4. Ongeza milisho. Blogu ya WordPress, malizia anwani yake na /feed/. Ya Blogspot, malizia na /feeds/posts/default.

5. Kusoma kwa simu: andika hostname -I kwenye terminali upate namba ya laptopu. Simu ikiwa Wi-Fi moja na laptopu, andika namba hiyo kwenye kivinjari, kisha :8080.

Ile CRON_MIN=1,31 inaleta habari kila nusu saa. "unless-stopped" inafanya umeme ukikatika na kurudi, ukiwasha laptopu kontena linaamka lenyewe.

Sasa shika hapa, ndipo nilipoumia mara ya pili. Ile sehemu ya -v ni stoo iliyo nje ya boksi. Mara ya kwanza niliiruka. Siku ya kuweka toleo jipya nikafuta kontena la zamani, na milisho yote niliyokusanya sikuiona tena. Boksi unaweza kulitupa na kuchukua jipya, mali iwe stoo.

Tahadhari mbili. Usiiachie wazi kwenye intaneti kama hujajua ulinzi, ibaki kwenye Wi-Fi yako. Pia Instagram haitoi mlisho wa RSS, na tovuti nyingine hazina. Hizo ingia mwenyewe.

Usijaze milisho 100. Anza na mitano: magazeti mawili, blogu ya mkoani kwako, na mbili za bidhaa unazouza. Mimi nasoma dakika kumi kabla ya kufungua duka, ndipo naagiza mzigo.

Ukikwama, niandikie umekwama hatua namba ngapi. Na mtumie mwenzako anayeagiza mzigo wiki hii.